Phelista Analala Mchana

Kitanda cha Wekoye na mkewe hakikuwa na mapumziko. Usiku alikilalia Wekoye. Mchana alikilalia Phelista.

Phelista alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto, kwenye hospitali moja mjini Kitale. Alifanya zamu ya usiku. Zamu hiyo aliiomba mwenyewe. Alisema usiku wauguzi ni wachache, na mtoto mgonjwa huogopa zaidi giza likiingia. Alitoka kazini saa moja asubuhi. Saa mbili kasoro alikuwa mlangoni kwake.

Wekoye alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, mbele ya nyumba. Kila asubuhi, kabla mkewe hajafika, alibadilisha shuka. Alivuta pazia zito la rangi ya kahawia, alilolishona mwenyewe kwa vitambaa viwili ili mwanga usipite. Aliweka uji kwenye chupa ya chai. Kisha aliwafukuza kuku waende upande wa pili wa nyumba. Chini ya miguu ya cherehani alikuwa ameweka vipande vya blanketi kuukuu, ili isitoe mlio. Wateja wake walikuwa wamezoea. Mtu akija kupimwa suruali, alizungumza kwa sauti ya chini kama yuko kanisani.

Phelista alikunywa uji taratibu. Kisha alimweleza mumewe habari za mtoto mmoja. Mmoja tu kila asubuhi. Leo ni mtoto aliyekataa dawa mpaka mwanasesere wake apewe kwanza. Kesho ni mtoto aliyepona, akalia kwa sababu hataki kuwaacha wenzake. Baada ya hapo alilala. Wekoye alishona mchana kutwa akiwaza juu ya mtoto huyo.

Waliishi hivyo kwa amani. Mwana wao, Ian, alikuwa chuoni Eldoret. Nyumbani walibaki wawili.

Mwezi wa kwanza, kijana mmoja alifungua kazi ng'ambo ya ua. Jina lake lilikuwa Bethwel Cheruiyot. Alileta tangi la maji, pampu na mipira, akaanza kuosha pikipiki. Pia alileta spika ndefu kama kabati. Saa mbili na nusu asubuhi, muziki ulianza.

Siku ya kwanza Wekoye alidhani ni sherehe ya kufungua kazi. Lakini siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu, na juma zima. Muziki ulianza saa mbili na nusu, ukazimwa saa kumi na mbili jioni. Vikombe viligongana kabatini. Wateja wa Wekoye sasa walizungumza kwa kupaza sauti, na bado hakuwasikia.

Phelista alijaribu kila njia. Alitia pamba masikioni. Aliweka mto juu ya kichwa. Aliburuta godoro mpaka jikoni, akalala kati ya sufuria na gunia la mahindi. Haikusaidia. Akiwa karibu kushikwa na usingizi, wimbo ulibadilika na mwingine ukaanza kwa kishindo.

Asubuhi hakueleza tena habari za mtoto yeyote. Aliketi tu akiutazama uji ukipoa.

Wekoye alimchukia yule kijana kimyakimya. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili anajua anasumbua, hana haja ya kuambiwa. Kwa hiyo hakumwambia. Alipopita pale alitazama mbele. Bethwel alimsalimu mara mbili. "Sasa, fundi," alisema akiwa na mpira wa maji mkononi. Wekoye hakujibu. Mara ya tatu Bethwel hakumsalimu.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, Phelista alifika nyumbani akaketi bila kuvua viatu. Wekoye alipiga magoti mbele yake, akaanza kumfungua kamba za viatu, na hapo ndipo mkewe alipozungumza.

Alisema kwamba alfajiri alikuwa ametayarisha dawa ya msichana wa miaka minne. Alikuwa karibu kumpa. Muuguzi mwenzake, Chepkemei, akamshika mkono. Dawa ile ilikuwa ya mtoto wa kitanda cha pili.

"Hakuna mtoto aliyeumia," Phelista alisema. "Chepkemei aliona mapema. Lakini mkono wangu ulikuwa unaenda, Baba Ian. Macho yalikuwa wazi, na mimi sikuwepo."

Alilia kidogo, kisha akaenda kulala na nguo za kazi. Wekoye alimfunika. Alitoka barazani, akashika mkasi wake mkubwa ili akate kitambaa. Saa mbili na nusu ikafika. Muziki ukaanza.

Wekoye hakukumbuka vizuri jinsi alivyovuka ua. Aliona waya mweusi uliotoka ukutani kwenda kwenye spika. Akaukata kwa mkasi.

Cheche iliruka. Mkasi ulirushwa mbali. Mkono wake ulikufa ganzi mpaka begani, na kwa muda hakuweza kuvuta pumzi. Stima ingeweza kumuua pale pale, mbele ya pikipiki tatu zenye povu la sabuni.

"Mzee, umefanya nini?" Bethwel aliuliza.

Wekoye alipopata pumzi, alitoa maneno mabaya. Alimwita kijana asiye na malezi. Kisha akamwambia arudi kwao mlimani.

Bethwel aliweka mpira chini. "Kwetu ni hapa," alisema. "Nimezaliwa mtaa huu. Mama yangu anaishi hapo nyuma."

Waendesha bodaboda waliingia katikati wakawatenganisha. Mmoja alimwokotea Wekoye mkasi wake. Ulikuwa na pengo.

Mkasi huo haukuleta usingizi. Kesho yake Bethwel alileta waya mpya, na muziki ukapanda zaidi. Wekoye alipopita njiani, vijana waliokuwa wakingoja pikipiki zao waliangua kicheko. Walimpa jina la Fundi wa Waya. Habari ya maneno yake kuhusu mlima ilienea mtaani. Mama wawili wa Kisabaoti, kabila la Bethwel lenye asili ya mlimani, waliokuwa wateja wake walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hawakugombana naye. Walivichukua tu wakaenda.

Jumamosi hiyo Phelista hakuwa na zamu. Wekoye alimpeleka Kabuchai katika kaunti ya Bungoma, alikozaliwa yeye Wekoye, kwa kaka yake mkubwa aliyeitwa Makokha. Nyumba ilikuwa katikati ya shamba la miwa. Walifika saa sita mchana. Mke wa Makokha alimwonyesha Phelista chumba cha nyuma, na Phelista akalala. Hakuamka kula chakula cha mchana. Hakuamka jioni. Wekoye aliweka kiti karibu na mlango, na watoto wa kaka yake walipokimbia huku na huku, aliwaonyesha kidole tu mdomoni. Alikaa hapo mpaka kuku wakaingia kulala.

Makokha aliposikia habari yote, alikasirika kuliko mdogo wake. Alisema anawafahamu vijana wanne wa sokoni Chwele, wabeba mizigo, wenye vifua kama milango. Wangekwenda Kitale siku moja tu, na kijana huyo angehama mwenyewe. Mke wa Makokha alikuwa na wazo lingine. Alisema Phelista amefanya kazi vya kutosha. Aiache, warudi wote Kabuchai.

Wekoye aliwaza juu ya wale vijana wanne usiku kucha. Alikuwa karibu kukubali.

Asubuhi Phelista alitoka chumbani. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wake. Alipewa chai na viazi vitamu, akaelezwa yote mawili. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Sitaki vijana, shemeji," alimwambia Makokha. "Na kazi siachi. Nataka kulala kitandani kwangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Ian, huyo Bethwel ulimwambia mimi nalala mchana?"

Wekoye alifikiri. Alikuwa amemtazama vibaya. Alikuwa amenyamaza aliposalimiwa. Alikuwa amemkatia waya na kumtukana. Lakini hilo moja hakuwa amemwambia.

"Hapana," alisema.

Phelista hakumlaumu. Alimmiminia chai nyingine.

Jumatatu Wekoye alikwenda kwa Gladwell, ambaye majirani walimwita Mama Sally. Mama Sally alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya naibu wa chifu kwa miaka mingi. Sasa alikuwa amestaafu, na alikuwa katibu wa Nyumba Kumi ya mtaa wao, yaani kundi la majirani wanaoshirikiana kulinda amani na usalama. Wekoye alimkuta akichambua maharagwe kwenye uteo. Alimpa Wekoye nusu ya maharagwe achambue pia, akamwambia aeleze kuanzia mwanzo.

Wekoye alieleza. Alitaka kuruka sehemu ya mlima, lakini Mama Sally alikuwa ameshaisikia.

"Sasa nisikilize," Mama Sally alisema. "Una haki ya kulala nyumbani kwako. Kelele za kusumbua watu haziruhusiwi na sheria. Lakini kukata waya ya mtu pia ni kosa, na kutukana mtu kwa kabila lake ni kosa kubwa zaidi. Bethwel angekwenda polisi siku ile, wewe ndiye ungeandikwa. Kwa hivyo tunaanza na lako."

Alimwambia anunue waya kama ule alioukata, ampelekee mwenyewe, na aombe msamaha. Si wakati muziki unalia, wala mbele ya wateja. Achague saa ambayo Bethwel hana kazi nyingi. Aeleze jambo lenyewe bila kumtaja mtu kwa ubaya: mke wangu anafanya kazi usiku, analala mchana, sauti inafika kitandani.

"Ongea juu ya kelele," alisema. "Usiongee juu ya malezi yake."

Kisha alimwambia atafute daftari. Kila siku aandike tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa, na madhara yake. Aandike kweli tupu. Siku ambayo hakuna kelele, aandike pia kwamba hakuna. Awaulize na majirani wengine, bila kuwachochea.

"Na akikataa?" Wekoye aliuliza.

"Akikataa, Nyumba Kumi tutawaita wote wawili tukae. Ikishindikana, tunakwenda kwa naibu wa chifu na hilo daftari. Kaunti pia ina ofisi ya mazingira, wanakuja kusikiliza kelele wenyewe. Njia ni ndefu kidogo, lakini inafika."

Wekoye alichambua maharagwe kwa muda. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia habari za rafiki yake, ingekuwaje watu wanne wangetoka Chwele kuja kuongea na kijana huyo.

Mama Sally aliacha kuchambua. "Wakimgusa, mtalala ndani nyote watano, na Phelista atawaletea chai asubuhi akitoka kazini. Na ujue upande wa pili pia. Mtu akikutisha kwamba atakupiga, au akija na panga, hapo usingoje kikao wala daftari. Unakwenda polisi siku hiyo hiyo, unapiga ripoti, na unaomba nambari ya OB, lile daftari lao la matukio. Bila hiyo nambari, ripoti yako ni vigumu kuifuatilia."

Jioni hiyo Wekoye aliwapitia majirani. Peris, aliyeishi nyumba ya tatu, alikuwa na mapacha wa miezi miwili. Alisema watoto wanashtuka usingizini, lakini aliogopa kusema kwa kuwa mumewe yuko kazini Kapenguria na yeye yuko peke yake. Mama wa kibanda cha mboga alisema muziki ni mzuri, unamletea wateja. Wekoye aliandika maneno ya wote wawili. Ya mama wa mboga aliyaandika kwa herufi ndogo, lakini aliyaandika.

Jumatano alasiri mvua ilinyesha. Hakuna mtu anayeosha pikipiki kwenye mvua. Wekoye alichukua waya mpya, akavuka ua, akamkuta Bethwel ameketi peke yake chini ya mabati. Alikuwa ametayarisha maneno mengi. Alipofika pale, machache tu yalibaki.

"Nilikosa," alisema. "Waya ni hii. Na yale maneno ya mlimani, naomba unisamehe. Hayakustahili kutoka kwa mtu mzima."

Bethwel aliupokea waya, akaukunja vizuri. "Sawa, mzee," alisema. Sauti yake ilikuwa baridi. Mvua iligonga mabati. Baadaye aliuliza, "Lakini ni nini ilikuleta siku ile?"

Wekoye alimweleza juu ya Phelista, kazi yake, na usingizi wake. Bethwel alishika kichwa.

"Mimi nilidhani hiyo nyumba mchana haina mtu," alisema. "Dirisha la upande huu siku zote lina pazia. Nikasema, hawa watu wote wako kazini, wewe tu uko huko mbele na mashine."

Wekoye aligeuka akalitazama dirisha lake kutoka upande ule. Ilikuwa kweli. Pazia lake zito lilifanya nyumba ionekane tupu.

Siku mbili zilizofuata muziki ulikuwa chini sana. Phelista alilala mpaka saa nane. Wekoye aliandika hayo kwenye daftari kwa furaha. Lakini Jumatatu sauti ilipanda kidogo, na Alhamisi ilirudi palepale. Alipomwuliza Bethwel, kwa upole sasa, Bethwel alisema waendesha bodaboda wanalalamika. Walisema mahali pake pamekufa. Wengine walikuwa wameanza kwenda kuoshea barabara ya pili.

Wekoye alirudi kwa Mama Sally na daftari. Mama Sally aliita kikao Jumamosi saa kumi alasiri, ili Phelista awe ameamka.

Waliketi uani kwa Mama Sally kwenye viti vya plastiki. Wekoye na Phelista walikuwepo, Bethwel na mama yake, Jepchirchir, na Peris akiwa na mapacha wake. Mama Sally alisema kila mtu atazungumza bila kukatizwa, na kwamba hakuna kabila litakalotajwa hapo. Aliomba dua fupi, kisha akasoma daftari. Hakuongeza neno.

Alipomaliza, Phelista aliomba kusema. Hakusimama. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Bethwel, mimi ndiye mtu aliye nyuma ya pazia," alisema. "Sichukii muziki. Ninapenda sana. Lakini usiku ninapima dawa za watoto wadogo. Dawa yao ni kidogo sana, hata tone moja ni jambo kubwa. Nisipolala, mkono unakosea. Juzijuzi ulikaribia kukosea."

Aliwaeleza habari ya yule msichana wa miaka minne. Peris aliwavuta mapacha wake kifuani. Pacha mmoja aliyekuwa akilia akaanza kunyonya kidole.

Bethwel alisema kwamba mpwa wake mwenyewe alilazwa katika wodi hiyo mwaka uliopita. Kisha alisema ukweli wake. Kazi yake inategemea vijana, na vijana wanafuata muziki. Akizima kabisa, atafunga. Mama Sally aliandika na hilo.

Ndipo Jepchirchir, mama yake Bethwel, akapandisha leso yake begani.

"Sisi hatukuleta daftari," alisema. "Lakini kila Jumanne na Ijumaa fundi anachoma vipande vya nguo nyuma ya nyumba yake. Vile vya nailoni. Moshi mweusi unaingia kwangu. Mimi nina pumu."

Kwa miaka kumi na miwili Wekoye alikuwa akichoma vipande hivyo bila kufikiri moshi unakwenda wapi.

"Mama, mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia vipi? Mwanangu anakusalimu, na wewe unapita."

Wekoye alimwomba Jepchirchir msamaha, na safari hii hakuambiwa na mtu kufanya hivyo. Phelista, ambaye alifahamu pumu vizuri, aliuliza mama huyo anatumia dawa gani na anaivuta vipi. Wakaanza kuzungumza wao wawili mpaka Mama Sally akagonga meza kwa kalamu.

Walikubaliana kabla jua halijatua. Mpaka saa tisa alasiri, Bethwel angetumia redio ndogo tu, ambayo sauti yake haivuki ua. Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili angefungulia spika, kwa kiasi, ikiwa imegeuzwa kutazama barabara. Wekoye hangechoma tena vitambaa. Bethwel alisema vipande vya pamba angevichukua yeye, kwa sababu kila siku anatafuta vitambaa vya kufutia pikipiki. Vya nailoni Peris aliviomba avijaze kwenye mito ya viti. Mama Sally aliandika makubaliano kwenye karatasi mbili. Wote walitia sahihi, na Jepchirchir alitia kidole gumba. Walipanga kukutana tena baada ya mwezi mmoja, kuona kama mambo yanakwenda.

Mambo yalikwenda, ila siku moja. Wiki ya tatu, Bethwel alisafiri kwenda Chwele kununua sabuni na brashi, akamwachia kazi mwenzake. Saa nne asubuhi spika ilinguruma. Wekoye alisimama. Mkasi ulikuwa mkononi. Aliuweka mezani, akaandika saa kwenye daftari, kisha akampigia Bethwel simu. Hawakuzungumza hata dakika moja. Baada ya muda mfupi muziki ulishuka, na yule kijana mwingine akaja mpaka barazani kuomba radhi. Alikuja kwa kunyata, akanong'ona. Wekoye naye alimjibu kwa kunong'ona.

Phelista alianza kunenepa tena. Asubuhi alikunywa uji wake wote. Waendesha bodaboda waligundua kwamba saa tisa ndiyo saa ya muziki, na saa hiyo palijaa kuliko zamani. Mmoja wa wale mama wawili wa Kisabaoti alirudisha kitambaa chake kwa Wekoye. Hakusema lolote kuhusu siku aliyokichukua. Alisema tu anataka kola pana.

Mwezi wa sita, lori dogo liliegeshwa kwenye ploti iliyokuwa wazi, upande wa kushoto wa nyumba ya Wekoye. Mtu mmoja mnene alianza kushusha vyuma, mitungi ya gesi na mashine ya kukatia chuma. Alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na jina lake lilikuwa Mukhisa.

Wekoye aliiona mashine ile. Hakungoja iwashwe. Aliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, akamimina chai kwenye vikombe viwili, akatoka. Alipofika kwenye ploti, alimkuta Bethwel ameshatangulia, na viatu vyake vya mpira miguuni. Alikuwa akimsaidia Mukhisa kushusha meza ya chuma.

Wekoye alimkaribisha mgeni mtaani. Alimpa chai. Alimwuliza ametoka wapi, na Mukhisa akasema ametoka Bungoma mjini. Walizungumza kidogo juu ya mvua na bei ya vyuma. Kisha Wekoye alimweleza juu ya mkewe, kazi yake ya usiku, na usingizi wake wa mchana. Alieleza polepole, bila kulalamika, kwa sababu bado hapakuwa na cha kulalamikia. Bethwel aliongeza kwamba ni kweli, na kwamba mtu huyo ndiye anayewapimia watoto dawa.

Mukhisa alisikiliza mpaka mwisho. Alirudisha kikombe.

"Dirisha lake ni lipi?" aliuliza.

Wekoye alimwonyesha dirisha lenye pazia la kahawia.

Mukhisa alilitazama, akaitazama meza yake. Alisema kazi ya kukata chuma anaweza kuipeleka kule mwisho wa ploti, karibu na barabara, na kuianza alasiri. Asubuhi atapima, atachora na kupaka rangi. Kisha akashika upande mmoja wa meza. Bethwel akashika upande wa pili, na Wekoye akaushika mguu uliokuwa umelegea. Waliibeba bila kuiburuta. Njiani Bethwel aliteleza kwenye tope, akataka kucheka, akajizuia.

Ndani, Phelista alijigeuza upande wa pili. Alilala mpaka saa nane, na hakujua kabisa kwamba jirani mpya amefika.